Grafu Iliyoanzia Vunja Jungu

Khelef alinitoa chumba cha mbele kwa mstari mmoja wa kijani.

Sote wawili tulikuwa watu wa Bi Muzna, mwenye nyumba ile ya Mlandege na biashara zilizomo. Mimi namsimamia tanuri la mikate. Khelef alimsimamia mkahawa. Mjukuu wa Bi Muzna, Kawthar, alitutengenezea ukurasa wa mauzo kwenye mtandao: mkahawa mstari wa kijani, tanuri mwekundu. Grafu ile haisemi nani kauza zaidi. Unachagua siku ya kuanzia, mistari yote miwili inakaa sifuri siku hiyo, halafu unaona kila mmoja kapanda au kashuka kiasi gani tangu hapo.

Khelef akachagua Ramadhani mosi.

Mtu yeyote wa Unguja anajua mkahawa unauza nini mchana wa Ramadhani. Na anajua mikate ya futari inavyogombaniwa. Kwa hiyo baada ya Idi mstari wa Khelef uliruka kama mbuzi aliyekata kamba. Wangu ukaporomoka.

"Tazama, Bibi," Khelef akasema mbele ya wafanyakazi wote. "Mwenzetu Pandu anachimba kisima."

Walicheka. Bi Muzna hakucheka, lakini alisema chumba cha mbele apewe Khelef aongeze meza. Mimi nikauzie uani. Mkate usioonekana njiani haununuliwi. Nilibeba meza yangu mwenyewe, Khelef kasimama mlangoni ananielekeza nisikwaruze ukuta.

Kila jioni nilikuwa naichezea grafu ile kwenye simu, mpaka nikaijua tabia yake.

Mfunguo Nne, mwezi wa nne baada ya Ramadhani, Bi Muzna akatuita sote na wafanyakazi baada ya sala ya alasiri. "Nshazeeka," akasema. "Biashara mbili siziwezi. Moja naifunga."

Khelef akaanza tena na Ramadhani yake. Nikamwacha amalize, mpaka akasema mikate ya mkahawa ataagiza kwingine.

"Bibi, na mimi nna siku yangu," nikasema. "Vunja jungu. Siku ya mwisho ya Shaabani."

Khelef alielewa kabla Kawthar hajagusa kioo cha simu. Siku ya vunja jungu watu wanakula kama kesho hakuna chakula. Mkahawa ulijaa mpaka wateja wakakaa barazani na sahani mapajani. Mkate nani aliutaka, na biriani ipo? Kawthar akarudisha mwanzo wa grafu nyuma. Siku moja tu. Mstari wa kijani ukaanguka chini ya sifuri na haukuinuka tena. Mwekundu ukapanda.

Bi Muzna akavaa miwani. "Khelef, huku ndiko kupanda?"

"Pandu anakuchezea, Bibi! Hiyo siku ya kiinimacho!"

"Iko kwenye kalenda," nikamwambia. "Jirani na yako."

Kawthar alikuwa ananitazama mimi. "Bibi, siku zote mbili si za kawaida. Ami Khelef akitaka, naweka nyingine."

Siku ya kawaida nilikwisha kuiona. Mistari inakwenda bega kwa bega, wa Khelef juu kidogo.

Bi Muzna akamgeukia. "Unataka nyingine? Basi ile yako ya mwanzo ilikuwa na kasoro gani?"

Khelef akafungua mdomo. Kuomba siku ya kawaida kulikuwa kukiri kwamba alinitoa kwa hila, mbele ya watu walewale waliocheka. Nilikuwa nishamhesabia hivyo. Akaufunga.

"Mkahawa ufungwe," Bi Muzna akasema. "Pandu, rudi mbele."

Asubuhi yake Khelef alikuja kuchukua vitu vyake. Nilikuwa nishapanga mikate chumba cha mbele, wateja wamejaa mlangoni.

"Ungelisema iwekwe siku ya kawaida, Pandu," akasema kwa sauti ndogo. "Tungelingana."

"Ungelianza wewe."

Akageuka kwenda zake. Nikamwita kwa nguvu, ili kila mtu asikie, nikamfungia mkate wa moto kwenye gazeti.

"Chukua, Khelef. Sadaka."

Aliupokea. Ana watoto nyumbani. Hilo nililijua kabla sijaufunga.