Vyuo Viwili Kwenye Mizani Yangu

Niliota usiku wa kuamkia leo, vyuo vikuu viwili vimekuja kupimwa mezani pangu, sokoni Tukuyu, ninapouzia maharage. Subilaga, mdogo wangu, amepokelewa na vyote, na leo ndiyo siku ya mwisho ya kuthibitisha kimoja. Alikuwa ameniambia, "Dada Atu, nichagulie wewe." Mimi niliyeishia darasa la tano.

Chuo cha kwanza kinafika kwa miguu, kizee, nguzo zake zimejaa vumbi la safari ya siku mbili.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba," linaitikia geti. Kinatua gunia la lumbesa, juu limevimba kama mgongo wa ng'ombe. "Hii ni sifa yangu. Pima, binti, nina haraka."

Lumbesa siiamini. Nachukua bambo, kile chuma tunachochomeka gunia kuona katikati kuna nini, maana juu kila mtu huweka punje nzuri. Juu kuna maprofesa, wakavu, wakubwa, wamechambuliwa. Nachomeka hadi katikati. Bambo linatoka na msichana anakula ugali peke yake, ameelekea ukutani.

"Uko humu tangu lini?"

"Tangu Oktoba. Hajaniuliza mtu jina."

Chuo cha pili ni cha hapa hapa karibu, mwanafunzi anaweza kurudi kwao kila Jumamosi. Kinakuja kinacheza, kimejitwika spika kichwani.

"Mambo, dada!"

"Poa."

Gunia lake linacheka. Nachomeka bambo, wanatoka marafiki sita wamekumbatiana, na keki. Nachomeka tena, inatoka chaki imekaa kwenye kiti.

"Mwalimu yuko wapi?"

"Ametoka kidogo," inasema chaki.

"Saa ngapi?"

"Mwaka juzi."

Naona hawa wote wamekuja kwangu wakidhani mimi ni mpole wa kudanganywa.

"Kwani wewe umesomea wapi?" geti linaniuliza kwa sauti, soko zima likisikia.

"Darasa la tano."

"La tano la wapi?"

Najikuta tupo ndani ya darasa la tano lenyewe. Nimekaa kwenye dawati langu, magoti yanagonga ubao wake. Mizani imesimama mahali pa mwalimu. Subilaga yuko kando yake, anangoja jibu.

"Weka," inaamuru mizani.

Naweka gunia moja kila sahani. Cha karibu kinashuka, puu!

"Kimeshinda cha karibu," nasema upesi.

"Rudia."

Narudia. Kinashuka vile vile. Nawafahamu wenye bidhaa, kwa hiyo napapasa chini ya sahani kama kuna jiwe au sumaku. Hakuna.

"Mikono juu!" naviambia vyuo. Vinainua mabweni yao.

"Hao ni wasafi," inasema mizani. "Kuna mmoja hajainua."

Natazama huku na huku kumtafuta. Kidole gumba changu kipo kwenye sahani ya cha karibu, kimekandamiza mpaka kucha imekuwa nyeupe.

"Kimeteleza," nasema.

"Tangu siku majibu ya vyuo yalipotoka?"

Subilaga anakitazama kidole. "Dada, kumbe unaogopa kubaki peke yako."

Navuta. Hakitoki. Navuta kwa mikono miwili, darasa zima linahesabu moja, mbili, tatu.

Nikaamka, kumeshakucha. Subilaga alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, simu mkononi. "Enhe, umeamua?"

Nikatazama kidole gumba. Kilikuwa na alama ya upinde, ile ya ukingo wa sahani, na kutu mbichi chini ya kucha. Mizani hulala sokoni, imefungiwa stoo.

Nikaukalia ule mkono.

"Bonyeza mwenyewe unachotaka," nikamwambia. "Safari hii sikupimii."

Akabonyeza cha mbali. Kisha akaniuliza mbona nimekaa upande.

Nikamwambia nipo sawa. Sikuutoa mkono mpaka simu ilipojibu kwamba wamepokea uthibitisho wake.