Kitambi Nisichokipika

Mume wangu Parmuat ana siku hamsini na tatu bila sigara, na pale moshi ulipokuwa ukikaa sasa panakaa kitambi. Vifungo vya mashati vimeanza kujiuzulu kimoja kimoja. Mimi ndiye niliyemwambia aache, kwa hivyo nikajipa kazi ya kumsaidia: sukuma wiki bila mafuta, ugali wa saizi ya ngumi, na kila jioni namnusa kola kama mbwa wa polisi.

Jumapili mama yake alikuja kwetu Kitengela. Akamzunguka mwanawe mara mbili, vile watu huangalia fahali, kisha akanishika kichwa kunibariki.

"Wahu, sasa naona mtoto wangu ameoa. Huu mwili umetoka jikoni kwako."

"Asante, yeyo," nikasema, vile Wamaasai humwita mama, mate yakiwa machungu. Sukuma yangu haiwezi kunenepesha hata sungura. Kuna mwanamke mahali aliyekuwa akimlisha mume wangu, na mimi napokea sifa zake.

Nikamuuliza Parmuat hicho kitambi kinatoka wapi. Akasema ni hewa tu.

Siku ya soko nikamfuata Kajiado, ambako yeye ni broka wa mbuzi. Kabla ya kufika nilinunua sigara moja, aina yake ile ile, nikaifunga kwa leso. Ilikuwa roho mbaya, najua. Lakini akivuta atakonda, na akikonda huyo mwanamke atakosa kazi.

Nikampata kando ya zizi, kwa kibanda cha Florence, dada mmoja wa vishimo mashavuni. Kila mkono wa Parmuat ulipoenda kwa mfuko wa shati kutafuta pakiti ambayo haiko, Florence aliuwekea mandazi. Hata haongei. Na mimi na mdomo wangu wote sikuwahi kufikiria hiyo.

"Hiyo ni ya ngapi leo?" nikauliza nyuma yao.

Parmuat akakohoa makombo. "Wahu. Huyu ni Florence. Ananisaidia tu."

"Naona. Amekusaidia mpaka mshipi umekosa tundu."

"Keti, dada," Florence akasema. "Mkono wake ukikosa kitu unatetemeka."

Yaani alijua mkono wa mume wangu kunishinda. Nikafungua leso, nikamwekea Parmuat sigara mezani. "Basi shika hii."

Akaichukua, akaizungusha kwa vidole. Jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Wewe ndiye umeninunulia?"

"Ni mimi. Afadhali uvute ukiwa wangu kuliko uache ukiwa wake."

Niliposikia maneno yangu mwenyewe, aibu ikanishika. Nikamnyang'anya ile sigara, nikaikanyagia kwa mavi ya mbuzi. Kisha nikajipenyeza katikati yao kwa benchi, nikaukamata mkono wake wa kulia kwa yangu miwili. Ulikuwa baridi, unatetemeka.

"Nimpe mandazi?" Florence akauliza.

"Huu mkono umejaa."

Mara mzee mmoja akaja. Alikuwa amependa beberu, akanyoosha mkono wafunge bei. Na mzee hapewi mkono wa kushoto.

"Wahu, niachilie kidogo," Parmuat akaninong'oneza. "Ni biashara."

"Bado unatetemeka."

Angeweza kuuvuta; huyo mtu huangusha beberu peke yake. Aliangalia vidole vyangu, akamwangalia mzee, ambaye mkono wake ulikuwa bado hewani.

"Keti kidogo, mzee wangu," akasema. "Nina kiu ya sigara. Itapita sasa hivi."