Manyoya ya Zambarau

Jumatano asubuhi fundi viatu aliingia makaburini na kopo lake la maji, akakikuta kibao namba 214, cha mkewe, kinang'aa rangi mbichi, na chini yake amelala mtu mwingine. Mkewe alizikwa karibu na bomba. Namba 214 sasa ilikuwa kando ya ukuta, na bomba nalo lilikuwa limehamishwa.

Vibao mia tatu viling'olewa siku moja ili vipakwe rangi, kisha vikarudishwa kwa mpangilio, moja, mbili, tatu, kuanzia getini. Marehemu hawakuwa wamefariki kwa mpangilio. Kila mmoja alizikwa palipokuwa na udongo laini siku yake. Aliyetoa amri hiyo alikuwa na shahada.

Wiki ileile mimea ikaota, mmoja kila kaburi, mirefu kuliko mtu, yenye majani mazito ya manyoya kama blanketi na maua ya njano. Iliota kwa ukoo: wa damu moja, mmea wa aina moja. Watu waliona ni sawa tu. Karani wa makaburi aliandika "magugu" na kuagiza trekta. Safu nne za mwisho zingesawazishwa Ijumaa saa sita mchana ziwe maegesho ya magari ya ofisi, isipokuwa mtu athibitishe kwamba wake yumo humo.

"Yote ni mmoja tu," fundi alilalamika. "Njano, manyoya, njano, manyoya."

"Si mmoja, baba. Ni ndugu," alisema jirani yake, mwalimu mstaafu, akitoa kioo cha kukuzia. "Na usitazame urefu. Urefu unadanganya, kama wanaume."

Walianzia kwa mama mkwe wa fundi, ambaye kaburi lake lilikuwa la saruji lenye jina, na saruji haing'olewi ipakwe rangi. Mwalimu alimwonyesha. Kwenye mimea mingine jani halikomi linaposhika shina; huteremka nalo, kama kitambaa kilichoshonewa, hadi kwenye jani la chini. La mama mkwe lilikoma palepale. Kisha akalifungua ua. Vinyuzi vya katikati vilikuwa na manyoya ya zambarau.

"Hata huku kajipamba," fundi alisema. "Mama huyu!"

"Tafuta jani linalokoma, halafu zambarau. Kimoja bila kingine si mkeo."

Fundi alikuwa hajamaliza hata darasa la nne, lakini kidole gumba chake kilitofautisha ngozi ya mbuzi na ya kondoo gizani. Alipita safu kwa safu akipapasa mashina. Linateremka. Linateremka. Kwenye namba 120 jani lilikoma. Akafungua ua: manyoya meupe.

"Binamu huyo," mwalimu alisema. "Twende."

Alhamisi ikaisha. Ijumaa saa tano na dakika kumi, kwenye safu ya mwisho, namba 297, jani lilikoma chini ya kidole chake. Lilikuwa na joto la mtu aliyetoka kuamka. Ua lilikuwa na zambarau. Trekta lilikuwa linanguruma getini.

Fundi alimleta karani kwa kumshika mkono wa shati. Karani aliinama, akapapasa shina, akatazama kwa kioo bila haraka.

"Ni yeye," alisema. "Pole sana, mzee wangu."

"Basi trekta lisimame."

"Lisimame kwa ajili ya nani? Mkeo ni 214. Na 214 haiguswi na mtu, nakuhakikishia."

"Si umemwona mwenyewe hapa!"

"Nimemwona. Mimi nimemwona, wewe umemwona. Daftari halijamwona."

"Si umwandike sasa? Kalamu hiyo hapo sikioni!"

"Mzee, nikihamisha mmoja nitahamisha mia tatu. Na vibao vimeshapakwa rangi."

Mwalimu alimwita karani "mwanangu", akamwomba. Karani alimwamkia shikamoo, akatazama saa, akampungia mkono dereva.

Maegesho yalimalizika kwa siku tisa. Siku ya kumi mmea ulipasua lami, mmoja tu, katika nafasi ya karani, majani yakikoma kwenye shina. Karani hakuung'oa. Kila asubuhi hulisogeza gari lake taratibu, tairi moja huku na jingine kule, asimkanyage mke wa mtu, na akishuka humwamkia.

Namba 214 hufagiliwa kila Jumatatu.

Fundi naye huja saa tisa na kiti chake cha kazini, akaketi kando ya ukuta na kungoja. Saa kumi na nusu karani huwasha gari na kuondoka. Ndipo fundi huvuka lami, akaweka kiti kwenye nafasi iliyo wazi, na kumweleza mkewe habari za siku, mpaka mlinzi apulize filimbi ya kufunga geti.