Kinu Tupu

Kule Mikelenge, mutaa wa Kindu, kwa harusi kuko sheria moja: mama wa bibi arusi akibakia kwenye kiti wakati ngoma inamuita, amekatala mukwe. Hata kama amekula kuku ya wakwe, hata kama amevaa kitambaa chenye walimununulia. Amekatala, kwisha.

Kwa harusi ya binti yake Princesse, Sifa alibakia kwenye kiti.

"Mama Princesse!" Cédric alilalamika kwa mikro. Yeye njo mupiga-ngoma, kofia yake kubwa kupita akili. "Tunakupigia Kinu Tupu, mudundo wa hapa Kindu! Munajua juu ya nini unaitwa Kinu Tupu? Wapiga-ngoma wa zamani walinyimwa chakula!"

"Uongo!" mulevi mumoja akajibu. "Ni juu ya matako ya nyanya yako! Mufupa kwa mufupa!"

Watu wakacheka mpaka viti vya plastiki vikalia. Tu-tu. Tu. Tu-tu. Tu.

Sifa alijua kwenye ule mudundo ulitoka, juu yeye na wanawake wa avenue yake njo waliuzaa, wakati wa vita. Wanaume walikuwa wanajificha nyuma ya mashamba. Masoda wakiingia na bunduki zao, mwanamuke anatwanga kinu bila kitu ndani: tu-tu, ananyamaza, tu. Kinu tupu kinalia kikali, kinafika mbali: mubakie kule. Siku ya salama, kinu kina sombe, majani ya muhogo, sauti inakuwa nzito na laini: mukuye kula.

Siku moja masoda walikuja na sombe yao.

"Mama, twanga. Njaa inatuuma."

Mumoja akasimama nyuma yake na bunduki. Sifa akapiga tu-tu, akanyamaza, akapiga tu. Majani yakameza ukali wote, sauti ikatoka nzito na laini. Alitwanga huku anaomba Mungu amuzibe masikio Okito, bwana yake. Lakini Okito alikuwa na njaa pia. Alitokea mbio, anacheka, muhogo mukononi. Wakamupiga risasi pale pa mulango. Kisha wakakula.

Princesse alikuwa tumboni. Yeye aliambiwa baba alikufa na malaria.

"Mukwe," tantine Geneviève, shangazi ya bwana arusi, akapaza sauti, "mutoto wetu Mardochée ana ukoma? Sema tu, tupakie sufuria zetu turudie kwetu!"

Princesse akakuja na robe yake nyeupe, akapiga magoti.

"Mama, unaniua mbele ya watu. Nimekukosea nini?"

Sifa akavuta kichwa cha binti yake, akamuambia yote kwenye sikio, ngoma inaendelea. Kisha akamupanguza uso, akasimama, akacheza. Alicheza mubaya, lakini alicheza. Vigelegele vikapanda.

"Amekubali! Mukwe amekubali!"

Akafika katikati, akanyoosha mukono kwa Princesse, juu kwa desturi bibi arusi anapashwa kumufuata mama yake. Princesse alikuwa angali magoti chini, uso kwa spika, anasikiliza.

"Eh! Sasa njo bibi arusi anakatala?" Geneviève akauliza.

Mardochée akamushika mukono. Princesse akautoa.

"Muzime ile kitu," akasema, polepole. "Muzime."

Cédric hakusikia. Aliona tu mama amesimama, furaha ikamupanda, akaongeza nguvu. Na Sifa, peke yake pale katikati, hakujua kama aendelee ao akae.