Moyo wa Jeniffer na Ndege wa Mamba

Hakuna mwanamke wa kijiji cha Mamba aliyewahi kumshinda Bibi Romana kwa mbio. Hilo alilisema mwenyewe mbele ya yeyote mwenye masikio, na kabla hujapata muda wa kushangaa alikuwa ameshaongeza kwamba alikimbia mbele za watu mara moja tu maishani, akiwa msichana wa shule ya msingi, na aliyekuwa nyuma yake hakuwa mwanamke. Alikuwa bata mzinga wa padri.

"Na bata mzinga alinipata," alimalizia. "Kovu ninalo, ila mahali lilipo siwezi kuwaonyesha hapa."

Kwa hiyo Mwalimu Nkwabi wa michezo alipoita wazazi wa sekondari, ili awaeleze masharti kabla ya kuchagua watakaokwenda michezo ya shule ya UMISSETA Mpanda mjini, Bibi Romana alikwenda akijua kwamba mambo ya mbio hayamhusu. Alikwenda kwa sababu alikuwa mjumbe wa kamati ya shule, na wajumbe hukaa mbele, kwenye viti vyenye mgongo, na hupewa soda. Mjukuu wake Jeniffer, wa kidato cha tatu, hakuwa mwanamichezo. Alikuwa na ugonjwa wa moyo. Shule nzima ilijua, na aliyewajulisha ni Bibi Romana mwenyewe.

Ukweli waliujua watu wawili tu, na mmoja wao alikuwa Jeniffer. Moyo ule haukuwa na tatizo lolote. Ila kila mwaka mpunga unapoanza kutia maziwa, ndege wa kwelea kwelea hushuka kwetu Mpimbwe kama wingu lenye njaa, na shamba lisipoamiwa, ndege wasifukuzwe toka jua linachomoza mpaka linazama, mwenye shamba atavuna majani. Mama yake Jeniffer alikuwa Ikola, ziwani, na biashara yake ya dagaa. Miguu ya Bibi Romana ilikuwa haifiki tena upande wa pili wa jaruba la mpunga kabla ndege hawajashiba. Ikabaki miguu ya Jeniffer. Mwanzoni bibi alifikiria kusema mtoto ana malaria, lakini malaria inapona upesi mno, na ndege hawana haraka ya kuondoka. Tumbo lingeleta maswali, hasa kwa msichana. Moyo ndio ulioonekana ugonjwa wa heshima, wenye muda wa kutosha, na hakuna mwalimu anayethubutu kuuchapa fimbo.

Mwalimu Nkwabi alisimama mbele ya wazazi na filimbi shingoni, akaanza.

"Mwanamichezo ni mwanafunzi kwanza. Asiyeingia darasani, haingii uwanjani. Mwenye utovu wa nidhamu, haendi. Aliyezidi umri, haendi, na msinidanganye, kuna mzee hapa mwaka jana aliniletea mtoto ana ndevu."

Watu wakacheka. Mzee Malale, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka kaskazini, akainua fimbo yake. "Mwalimu, ndevu kwetu zinawahi. Ni maziwa."

"Zimewahi mpaka ana mke, Mzee Malale?"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Mwalimu akasubiri kiishe.

"Nyie wazazi nanyi mna masharti yenu. Hakuna kumtukana mwamuzi. Hakuna kuja kambini usiku na chupa za dawa za kupaka miguuni. Mgonjwa hakimbii mpaka daktari aseme. Na la mwisho, mkuu wa shule amelitilia mkazo: mzazi anayemzuia mtoto asije shule kwa ajili ya shamba au mifugo, tutamsimamisha mbele ya mkutano kama huu ajieleze."

Hapo Bibi Romana akapiga makofi kuliko wote. Tena akasimama, soda mkononi. "Waone aibu!" akasema. "Mtu mzima na akili zake unamficha mtoto porini na ng'ombe! Mzee Malale, sikutaji."

"Umenitaja, Bibi. Halafu binti yangu Hana hajakosa shule hata siku moja. Leo mtamwona anavyokimbia. Nyie Wapimbwe endeleeni kula wali, mbio tuachieni sisi."

Baada ya masharti ndipo wakatoka nje kuangalia mbio za majaribio. Wasichana walijipanga kwenye mstari wa majivu. Jeniffer alikuwa amekaa kando, mahali pa wagonjwa, amepakata viatu vya wenzake kama alivyozoea. Mwalimu akauliza kama kuna mwingine anayetaka kujaribu. Akauliza tu, kwa mazoea.

Jeniffer akaweka viatu chini. Akasimama, akavua ndala zake, akaenda kwenye mstari.

Bibi Romana akaweka soda chini. Akimwacha mtoto akimbie, uongo wake uko uchi. Akimzuia, azuie kwa sababu gani? Ikabidi apige kelele inayostahili. "Jeni! Mjukuu wangu! Moyo! Utakufa!" Lakini alisema kwa sauti ambayo hata yeye isingemzuia. Filimbi ikalia.

Na hapa ndipo jambo lilipotokea. Kwa misimu yote ile shambani, Bibi Romana alikuwa anaangalia ndege. Wametua wapi, wameruka kuelekea wapi, wamebaki wangapi. Mtoto aliyewafukuza hakuwahi kumtazama. Sasa ndege hawakuwepo, na macho yake hayakuwa na pengine pa kwenda.

Jeniffer alianza taratibu, nyuma ya Hana, kama mtu anayefuata njia nyembamba. Hakurusha mikono. Nyayo zake zilitua moja mbele ya nyingine, sawasawa kabisa, maana msichana aliyejifunza kukimbia juu ya kingo za majaruba, matope huku na matope huku, hawezi kuupoteza mguu hata kidogo. Mzunguko wa kwanza wazazi waliongea. Wa pili wakasogea karibu na mstari. Wa tatu Jeniffer akatoka nyuma ya Hana, na hakuna aliyeona ameongeza nini, ila nafasi kati yao ilianza kukua. Ikakua kama kivuli kinavyokua jioni. Ng'ombe waliokuwa wanakula majani pembeni mwa uwanja waliinua vichwa. Bibi Romana alisikia nywele za shingo yake zikisimama, kama anavyosikia kanisani sanduku la Ekaristi linapofunguliwa. Alijiuliza, huyu ni mtoto wa nani? Huyu ndiye ninayemwambia kila asubuhi afagie vizuri chini ya kichanja?

Alipofika mwisho, Jeniffer hakuanguka. Aliendelea kutembea, akarudi mahali pake, akaviokota viatu vya wenzake.

Mzee Malale alivua kofia. "Bibi," akasema kwa sauti ya chini, "kama huo ndio ugonjwa, tuambie tunauambukizwaje."

Mwalimu Nkwabi hakucheka. Alimfuata Bibi Romana macho yakiwa yamemtoka. "Bibi, huyu mtoto sijawahi kuona mfano wake. Lakini masharti ni masharti, na mimi mwenyewe ndiye nimeyasoma. Kwenye rekodi za shule ni mgonjwa wa moyo. Bila daktari wa Mpanda kuniambia yuko salama, simpeleki."

Jioni ile walichambua mchele mpaka ungo ukawa tupu. Kisha Jeniffer akasema, "Bibi, nataka kwenda."

"Utakwenda."

"Waambie ukweli basi."

"Nitawaambia. Nautafutia siku nzuri."

"Bibi. Mimi sijawahi kutaka kitu."

Ilikuwa kweli, na Bibi Romana alijua. Alijiona amesimama mbele ya mkutano, Mzee Malale yuko mstari wa mbele na fimbo yake, akisubiri kumrudishia, "Waone aibu." Akasukuma ungo pembeni, akaenda kulala. Lakini kulala kwenyewe kulikuwa kwa jicho moja, na kabla hakujapambazuka alikuwa ameshapata njia. Atasema mtoto aliumwa kweli, na kweli amepona. Hivyo Jeniffer atakimbia, na kiti chenye mgongo kitabaki.

Mpanda walifika na Mwalimu Nkwabi, wakaingia hospitali, wakapangwa benchi. Daktari alikuwa binti mdogo wa rika la mwana wa mwisho wa Bibi Romana, jina lake Specioza, nywele amezisuka nyuma, maneno mengi hana. Alimwambia Jeniffer akae. Akampima mapigo akiwa ametulia. Akakunja uso, akapima tena.

"Unalala vizuri?"

"Ndiyo, Daktari."

"Toka nje. Zunguka majengo haya, kimbia kwa nguvu zako zote, urudi hapa moja kwa moja."

Jeniffer akatoka. Kupitia dirishani walimwona akipita kwenye kamba za kuanikia mashuka, akapotea, akatokea upande mwingine, akapotea tena. Muuguzi mmoja aliyebeba ndoo alisimama katikati ya njia akisahau alikokuwa anakwenda. Mtoto aliporudi, jasho lilikuwa limeanza tu kumchuruzika. Daktari akamwekea kipimo kifuani, akafumba macho, akasikiliza. Akasikiliza zaidi ya ilivyohitajika. Alipofumbua macho, uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa kama wa mtoto aliyeonyeshwa ziwa kwa mara ya kwanza.

"Bibi, njoo," akasema. "Njoo usikie."

Akamvalisha Bibi Romana mipira ya masikioni ya kile kipimo, akisogeza kilemba pembeni.

Mwanzoni alisikia mvumo tu. Kisha ukaja moyo. Du. Du. Du. Haukuwa unahema wala kukimbizana kama moyo wake yeye anapopanda ngazi za kanisa. Ulipiga kama ngoma kubwa inayopigwa na mtu anayejua kuwa sherehe ni ndefu, kila pigo na nafasi yake, na kila pigo likipungua kasi kidogo kuliko lililotangulia, linashuka, linatulia, mbele ya masikio yake, kama maji yanayojaa jaruba mpaka yanakuwa kioo. Alijua huo ndio moyo wenyewe. Ndio aliousingizia. Alikuwa ameubebesha jina baya shuleni, kanisani, mbele ya kamati, na wenyewe siku zote hizo ulikuwa humu ndani unapiga hivi, haumlalamikii mtu. Alitaka kupiga magoti. Alitaka kuuomba radhi, lakini moyo unauomba radhi kwa lugha gani? Akamshika tu Jeniffer mkono, na machozi yakamtoka bila kumwomba ruhusa.

"Nimesikia mioyo mingi," daktari akasema. "Wa namna hii nilisoma vitabuni tu."

Mwalimu Nkwabi akaruka. "Basi tuandikie, Daktari! Kambi inaanza kesho."

Daktari akashika kalamu, akasita. "Kuna jambo moja. Mwalimu, umesema shule inajua alikuwa mgonjwa. Kama moyo huu uliwahi kuugua kweli, hata ukisikika mzima leo, siwezi kumruhusu. Itabidi aende hospitali kubwa wampige picha, na michezo itampita. Kama haukuwahi kuugua, naandika sasa hivi." Akamgeukia Bibi Romana. "Wewe ndiye uliyekuwa naye. Moyo huu uliugua, haukuugua?"

Jeniffer alimtazama bibi yake. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya mkono wa bibi.

Bibi Romana alifungua mdomo aseme ukweli. Alikusudia kabisa. Ukweli ulikuwa umefika kwenye ulimi. Lakini ulimi ule ulikuwa umezoea njia yake ya siku zote, na Mwalimu Nkwabi alikuwa amesimama pale na filimbi yake.

"Aliugua kidogo," akasema. "Kidogo sana. Tukasali novena siku tisa, ukaisha."

Mkono wa Jeniffer ukatoka ndani ya mkono wake.

Daktari Specioza hakuandika. "Ulianza lini, Bibi?"

"Machi."

"Ukaisha lini?"

"Mei hivi. Baada ya novena."

"Na mwaka jana?"

"Mwaka jana… nao Machi."

"Mpaka Mei."

"Novena nyingine," alisema Bibi Romana, na sauti yake ilianza kutafuta mlango.

Daktari akaegemea kiti, akamwangalia bila ukali wowote. "Mimi kwetu ni Majimoto, Bibi. Jirani zenu kabisa. Nikiwa mdogo nilikuwa na pumu. Mbaya sana. Ilinishika kila mpunga unapotia maziwa, na nilikuwa napona siku ile ile tuliyomaliza kuvuna. Aliyekuwa anakwenda shule kuieleza hiyo pumu ni bibi yangu." Akasogeza karatasi karibu, akauliza kwa sauti ya mtu anayesalimia tu, "Mwaka huu vipi, ndege walikuwa wengi?"

"Mama yangu, usiseme!" Bibi Romana akajibu kwa uchungu wote wa mkulima. "Wengi mno! Bila huyu mtoto tusingevuna hata…"

Akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mwalimu Nkwabi alikuwa anamtazama, daktari alikuwa tayari anaandika ruhusa, na Jeniffer, kwa mara ya kwanza tangu watoke Mamba, alikuwa anacheka.