Boga Lililochinjwa Southall

Daktari atakwambia kinachotapisha ni zile nyuzi. Ukilipasua boga ukatia mkono, unakuta nyuzi zinateleza, mbegu zimeshikana kama meno, na harufu iliyo baina ya tango na nyama mbichi. Tumbo linakataa. Mtu mzima na akili zake anaacha kisu mezani, anakimbilia sinki. Mimi sibishani na madaktari, wamesoma. Lakini najua kwa nini Zulfikar hapiti mbele ya duka la mboga ukifika mwezi wa kumi, na anayesema natia chumvi aje Southall, hapa London, nimwonyeshe nyumba yenyewe.

Zulfikar kachinja kuku sokoni Darajani, Unguja, tangu hajaota ndevu. Baada ya Mapinduzi akaja huku, akachinja tena mpaka akastaafu. Nimemwona kwa macho yangu akila andazi kwa mkono wa kushoto, na wa kulia umo ndani ya kuku mpaka kiwiko. Kuku wa London ni wakubwa.

Jirani yetu, mimi na Zulfikar, alikuwa Bi Ranjan, naye mtu wa Unguja, mke wa sonara. Waliondoka mwaka ule ule wa Mapinduzi, mtoto kampakata kifuani, na mtoto huyo ndiye Mahendra, wa kwanza na wa mwisho. Alikua akawa fundi wa vioo kule Croydon, akaoa nesi wa Kikenya, Lydia, wakaishi humo humo kwa mama. Na Lydia ndiye aliyeleta boga. Ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi wa kumi, na jioni, kwa desturi ya Waingereza, watoto wa mtaani wangepita kugonga milango wapewe peremende, naye alitaka kulitoboa macho na mdomo, alitie mshumaa, aliweke kizingitini.

"Zulfikar, kaka yangu, njoo na kisu," Bi Ranjan aliita kutoka uani. "Mahendra kachelewa, na huyu mkwe wangu hana subira."

Tukaenda, mimi nikifuata harufu ya kachori. Jikoni tukamkuta Lydia kaketi, mikono kaikunja, boga liko mbele yake juu ya gazeti.

"Mama amenikataza," alisema. "Ati mwanamke hakati boga zima. Lazima mwanamume aanze."

"Boga ni mtoto mkubwa wa kiume," alisema Bi Ranjan, akigeuza kachori kwenye mafuta. "Katika ukoo wetu mama hamtii kisu mwanawe. Mwanamume akishalipasua, basi, limekuwa mboga. Hapo kata utakavyo."

"Kwetu Nyeri tunachemsha tu, Mama. Hatuliulizi ni la kiume ama la kike."

"Nyinyi mnachemsha kila kitu."

"Nipisheni," alisema Zulfikar. "Nimelaza ng'ombe mimi, sembuse hiki."

Sasa sikiliza. Mkono uliofanya kazi moja miaka yote hauna akili ya pili. Zulfikar alilishika boga kwa mkono wa kushoto, akalilaza ubavu, akaligeuza kikonyo kielekee dirishani, kusini mashariki, ndiko kibla kiliko ukiwa Southall. Akalikandamiza. Midomo ikasema yenyewe, "Bismillahi, Allahu Akbar," kisu kikapita chini ya kikonyo, nusu duara.

Mafuta yalikuwa yakichemka. Bi Ranjan akazima jiko.

"Umesema nini?"

"Mazoea tu, dada."

"Mimi nimezaliwa Unguja, Mkunazini, Zulfikar. Maneno hayo nayajua yanasemwa juu ya nini. Nimekuita unikatie. Wewe umemchinja."

Nilitaka kucheka. Nikaacha. Maana boga lilikuwa limelala nje kwenye baridi tangu jana, ukiligusa vidole vinaganda, na sasa kwenye ule mpasuo mvuke ulikuwa unatoka. Mwembamba, kama pumzi ya mtu anayesubiri basi asubuhi.

Zulfikar akatia vidole viwili. Akavitoa haraka.

"Lina joto," alisema.

Lydia, nesi, hana mchezo na habari hizo. Akatia vidole vyake. Akainamisha kichwa upande, vile manesi wanavyosikiliza mshipa wa mgonjwa. Kisha akaenda kwenye bomba, akanawa mpaka viwikoni. Zulfikar naye alikuwa ameshika ukingo wa sinki, anatapika. Mchinjaji wa Darajani.

"Mahendra yuko wapi?" Bi Ranjan aliuliza.

Zama hizo watu hawatembei na simu. Lydia akapiga kazini kwake Croydon. Ikalia, ikalia, hakuna aliyepokea. Nje giza lilikuwa limeshaingia, na mbali tunasikia watoto wakigonga milango.

Bi Ranjan akamsogelea Zulfikar. Hakupandisha sauti. "Mnyama ukimwanza hivi, mishipa inakuwa imekatika?"

"Bado," alisema Zulfikar, anajifuta mdomo. "Nimepita ngozi. Mishipa iko chini."

"Basi kisu kisiguse tena. Lydia, mwanangu, lishone."

"Mama?"

"Wewe si unashona watu? Lishone."

Nami nakwambia alilishona. Sindano ya kushonea gunia, uzi mweusi wa makoti ya Mahendra. Mimi na Zulfikar tuliyashika maganda yakutane, na kila sindano ilipopita nilihisi boga linajikaza chini ya viganja vyangu. Zulfikar alihisi pia, nilimwona. Mvuke ulipungua, ukawa uzi, ukakatika. Watoto wakafika kugonga mlango wa Bi Ranjan. Hakuna aliyefungua.

Tuliketi tukilitazama. Kachori zilipoa, na mimi sikula hata moja. Kwa anayenijua, hapo ndipo ataamini kulikuwa na jambo.

Ufunguo ukazunguka mlangoni. Mahendra akaingia, mweupe kama unga, bendeji shingoni kutoka sikio hadi sikio.

"Kioo kiliniponyoka," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Wamenishona hospitali. Daktari anasema kingeshuka unywele mmoja tu zaidi..." Akaona nyuso zetu. "Mbona mmekaa kama matangani? Mimi mzima. Nina njaa."

Lydia akamkumbatia, kisha akaifunua bendeji kidogo pembeni kwa kidole, akatazama ule mshono, uzi mweusi, nusu duara. Akaifunika tena taratibu. Aliponigeukia mimi, nilitazama sakafu.

Mahendra akaliona boga. Akacheka, kicheko kikamuuma. "Nani kashona boga? Lydia, ndiyo mnafundishwa hayo wodini?" Na kabla yeyote hajasimama akaokota kisu cha Zulfikar mezani, kwa mzaha, akakipenyeza chini ya uzi wa kwanza aukate.

Bi Ranjan aliushika ubapa wa kisu. Kwa kiganja kitupu, upande wa makali, akaukunja mkono wake juu yake, akaung'ang'ania.

"Weka chini, baba," alimwambia.

"Mama, unajikata. Mama, ni boga tu."

Damu ilianza kudondoka kwenye gazeti, nyingi, Lydia tayari anatafuta kitambaa, na Bi Ranjan bado hajauachia ubapa. Mkono wake wa pili alikuwa ameuweka juu ya boga, kaukunjua wote, kama mtu anayemkinga mtoto kichwa na jua.