Upindo Mzito

Mama Mapazia aliinama amrekebishie binti yake gauni, kama wafanyavyo akina mama wote wakifika mlangoni mwa daktari, na vidole vyake vikagota kitu kigumu ndani ya upindo. Akasogeza mkono. Kingine. Jamani! Miaka ishirini anashona mapazia ya watu, hakuhitaji kuambiwa ni nini: vile vyuma vidogo vinavyotiwa chini ya pazia ili upepo usilipeperushe. Vimetoka kwenye kopo lake mwenyewe. Na mshono wa mkono ulionyooka namna ile, nani mwingine angeuweza? Yeye ndiye aliyemfundisha.

Binti alimtazama kwa macho ambayo siku hizi yalikuwa makubwa kuliko uso.

"Tangu lini?" mama alinong'ona.

"Mama, tafadhali. Wakinilaza hapa nitakufa."

"Nimekuuliza, tangu lini?"

"Wiki ya tatu."

Wiki ya tatu ya matibabu ndiyo ile namba za mizani zilipoanza kupanda. Kila Jumatano tangu hapo alirudi nyumbani kichwa juu, akamtangazia wifi yake, akawatangazia na wateja ambao hawakuuliza, kwamba mtoto sasa anakula. Kumbe lililokuwa likinenepa ni gauni.

Mlango ukafunguliwa.

"Karibuni, karibuni! Sweta na viatu pembeni, mwanangu," alisema bwana lishe, mwanamume mcheshi aliyewapangia kila mlo tangu mtoto alipozimia shuleni. "Gauni ni lile lile la siku zote? Safi. Hatutaki mizani itudanganye."

Mtoto akapanda, ameipa mizani mgongo kama alivyozoezwa, asione namba. Bwana lishe akasoma, uso ukachanua.

"Hongera, mama! Tumeongeza tena. Tukienda hivi, habari ya kulazwa tunaisahau."

Mama alifungua kinywa. Akakifunga. Tusimlaumu haraka, nani hajawahi kuuomba uongo ukae siku moja zaidi? Aliogopa wodi. Aliogopa ule mpira wa kupitishia chakula puani. Aliogopa mtoto asimwamini tena maishani. Kisha akauona mguu wa binti yake juu ya bamba la mizani, kifundo kimechomoza, ngozi imesinyaa kwa baridi ilhali nje jua linawaka, na hofu nyingine ikaja, ikazimeza zile zote. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

"Usiandike," alisema.

Akatoa mkasi mdogo mkobani, akapiga magoti, akaanza kufumua. Vyuma vikadondoka sakafuni kimoja kimoja.

"Mama, acha! Nakuchukia! Unasikia? Nakuchukia!"

"Nichukie, mwanangu. Nichukie ukiwa hai."

Bwana lishe hakufoka. Aligonga ukuta mara mbili, na mshauri akaja kutoka chumba cha pili, mwanamke mnene, mpole, ambaye kila Jumatano hukaa na mtoto saa nzima baada ya kupimwa. Hao wawili hufanya kazi pamoja; wanasema sahani peke yake haimponyi mtu. Mshauri akaketi sakafuni, katikati ya vyuma, akaokota kimoja.

"Umeshona vizuri," alimwambia mtoto. "Ulikuwa unamshonea nani?"

Mtoto akavuta kamasi.

"Mama," alisema. "Wiki ya pili nilipungua, akalia njia nzima, watu wanamwangalia. Mimi nikishika kijiko kuna sauti kichwani inanipigia kelele, inaniambia weka chini. Siwezi kuinyamazisha. Nikaona basi, angalau nimnyamazishe yeye."

Mama Mapazia alibaki na mkasi mkononi. Siku ile alidhani mtandio umemficha. Aibu ilimchoma, na uchungu, na juu ya yote hofu: kwa wiki nyingi amekula meza moja na mwanawe, na hakujua anaketi na nani mwingine.

"Nisamehe," alisema hatimaye. "Kulia nitalia, sitakudanganya. Mama yako ndivyo nilivyo. Lakini usinishonee tena."

Mtoto akapangusa pua kwa mkono. Hakuondoka.

"Tupime upya," alisema mshauri taratibu. "Mama, mshike mikono. Mtazame yeye. Mizani waachie wenye kazi yao."

Mtoto akapanda, nyuzi zinaning'inia miguuni. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, na vilikaza. Nyuma yake bwana lishe akaanza kukisukuma kile kidude kinachotelezeshwa juu ya mkono wa mizani kurudi kushoto, kwenye namba ndogo, safari hii bila mzaha. Tak. Mama hakuyaondoa macho usoni pa binti yake. Tak.

"Niko hapa," alisema.

Tak. Kidude kilikuwa bado kinarudi.